Linaingia au Linatoka

Bok-rye aliamka alfajiri moja ya Novemba, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mdomo. Ndoto mbaya haisimuliwi kabla ya saa sita mchana. Hilo alifundishwa na mama yake, mama mkwe wake akalikazia, naye kwa miaka sitini na miwili hajawahi kulivunja. Alipasha moto supu ya maharage, akanywa nusu bakuli, akavaa glavu zake za mpira, akaenda kwenye banda la kumenyea gam, yale matunda mekundu-manjano yanayokaushwa yawe matamu, bila kumsemesha hata paka.

Alikuwa ameota jeneza. Liliwekwa katikati ya sakafu ya sebule yake, pale pale anapotandika meza ya kulia. Halikuwa na kifuniko. Ndani alilala mwanawe Tae-gon, chali, mikono imenyooka ubavuni, mabega yamebanwa na mbao huku na huku. Hakuwa amekufa. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari. Hapakuwa na waombolezaji wala ubani, wala hapakusikika sauti. Bok-rye alisimama kando ya jeneza, akamtazama mwanawe asiyemtazama, kisha akaamka.

Na jioni iliyotangulia, Tae-gon alikuwa amempigia simu kutoka Seoul. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na sita kati ya hiyo ameimaliza Noryangjin, mtaa wanakojazana vijana wa nchi nzima kusomea mtihani wa utumishi wa serikali. Alikuwa ameufanya mara tano. Mara tano ameanguka.

"Mama, nimechoka," alisema. "Seok-ju anatafuta mtu wa kushirikiana naye. Anafunga mabomba ya kupasha sakafu moto, ana wateja mpaka wilaya ya jirani. Ananitaka mimi. Nirudi nyumbani."

"Ngoja nifikiri," mama yake alimjibu.

Kufikiri kwa Bok-rye hakukuwa kufikiri. Kulikuwa kutafuta pa kukatalia. Marehemu mumewe aliendesha gari la taka la ofisi ya tarafa kwa miaka ishirini na moja, kibarua wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila Desemba alikwenda kumwinamia karani mwenye umri wa mwanawe ili mkataba uongezwe. Bok-rye aliwahi kumwona akiinama hivyo, kofia mkononi. Siku ile aliapa kwamba mtoto wake atakuwa upande wa pili wa ile meza. Aliapa yeye, aliyepangiwa kuketi hakuulizwa.

Bandani walikuwa wanawake sita. Mashine inamenya, mikono inasafisha vikonyo, kisha gam zinatundikwa kwenye kulabu zikauke mpaka ziote unga mweupe. Kazi ya namna hiyo inaacha mdomo bila kazi, na midomo ya banda lile ilishughulika na ndoto. Aliyekuwa jaji wao ni Bibi Maeng, mwenye miaka sabini na tisa na meno manne. Hakuwa mganga, na ungemwita mganga angekurushia kisu cha kumenyea. Alijua tu maana ya ndoto kama wengine wanavyojua kukoleza chumvi kwenye kimchi, kabichi ya kuchachusha. Nguruwe ni mali. Kinyesi ni mali pia, na kikiwa kingi ndivyo bora, hata mwaka uliopita mwanamke mmoja aliyeota ametumbukia chooni hadi shingoni alipigiwa makofi banda zima. Jino la juu liking'oka, mzee wa ukoo anaondoka. La chini, mtoto. Ukiota umekufa wewe mwenyewe, furahi, maisha mapya yanakuja. Na ndoto isiyo na kichwa wala miguu ni ndoto ya mbwa, kanawe uso uisahau.

Saa sita ilipopita na mabakuli ya wali kufunguliwa, Bok-rye alijikaza.

"Bibi, nina ndoto."

"Ya mbwa au ya mtu?" Bibi Maeng aliuliza, mdomo umejaa.

"Ya jeneza."

"La nani?"

"La Tae-gon wangu. Mwenyewe yumo ndani."

Vijiti vya kulia vilisimama. Aliyeketi karibu naye alisogea kidogo, kama watu wanavyojitenga na mwenye mafua.

Bibi Maeng alimeza kwanza. Kisha akauliza, bila haraka: "Linaingia au linatoka?"

"Nini, Bibi?"

"Jeneza, mwanangu, nini tena? Linaingia ndani ya nyumba au linatoka? Likitoka, bahati ya nyumba imetoka nalo, uanze kulia sasa hivi. Likiingia, hayo ni mengine."

Bok-rye alitazama wali wake. Halikuwa linaingia. Halikuwa linatoka. Lilikuwa limekaa tu, kama kabati. Lakini macho ya wote yalikuwa yanamngoja, na la Bibi Maeng, lile moja lililo zima, lilimngoja kuliko yote. Akajiambia kwamba jeneza likiwa sebuleni lazima lilipita mlangoni. Hiyo ilikuwa hesabu, haikuwa ndoto, naye alijua tofauti.

"Linaingia," akasema.

Bibi Maeng alipiga goti lake kofi. "Basi lete pombe, huna haja ya machozi. Jeneza ni nini? Ni gwan. Na cheo cha serikali ni nini? Gwan. Neno moja. Gwan limeingia nyumbani kwako mchana kweupe, na aliyelala ndani ni mwanao mwenyewe, maana yake cheo ni chake, si cha mtoto wa jirani. Safari hii anapita, mama. Safari hii unaye karani ndani ya nyumba."

Banda lilichangamka. Aliyekuwa amesogea mbali akasogea tena karibu. Bok-rye alicheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa glavu, na ile hofu ya alfajiri ikayeyuka kabisa. Raha aliyoipata mchana ule ni raha ya mtu aliyepewa ruhusa ya kufanya alichotaka kukifanya tangu jana.

"Niuzie," ilisema sauti ya upande wa pili wa ndoo.

Alikuwa Mal-sun, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Binti yake, Bo-ra, alikuwa anasomea mtihani ule ule, ila yeye alisomea nyumbani na ndiyo kwanza mara yake ya pili.

"Nikuuzie nini, Mama Bo-ra?"

"Hiyo ndoto. Wewe bado una umri wa kuota, utaota nyingine. Mimi nikilala ni kama gogo, sioti hata mende."

"Ndoto ya mtoto haiuzwi."

"Kila ndoto inauzwa, muulize Bibi."

"Inauzwa," Bibi Maeng alithibitisha, "mradi mwenyewe apokee kitu na akubali kwa mdomo wake. Lakini huyu hatakubali. Mwangalie alivyoikumbatia."

Wakacheka wote, Mal-sun akiwa wa kwanza, na mambo yakaishia hapo, au hivyo ndivyo Bok-rye alivyodhani.

Jioni hiyo alimpigia mwanawe. Ndoto njema nayo ina sheria zake, haitangazwi kabla haijatimia, lakini Bok-rye alikuwa na mtoto wa kuzuia na sheria ingesubiri.

Tae-gon alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mama, nilikuwa hai humo ndani?"

"Hai kabisa. Macho yako wazi."

"Nikikutazama?"

"Ukitazama juu."

"Nawe ukafurahi."

"Ningekosaje kufurahi? Gwan limeingia nyumbani. Bibi Maeng amesema, na Bibi Maeng hakosei. Mwambie Seok-ju mabomba yake ayafunge mwenyewe. Mara moja tu, mwanangu. Hii tu, kisha sitasema tena."

Upande wa pili alisikika mtu mwingine akikohoa, karibu mno, utadhani yumo chumba kimoja na Tae-gon.

"Sawa, Mama," alisema mwishowe. Tae-gon alikuwa mtoto mtiifu, na wakati mwingine utii ni msiba.

Siku tatu baadaye Mal-sun alibisha hodi na kizibao mkononi, vile vya pamba iliyoshonwa mistari, cha zambarau chenye maua ya waridi, kipya, kinanukia duka.

"Banda lile lina baridi ya kuua mtu," alisema. "Nimekuona unatetemeka. Vaa."

"Ya nini kujisumbua, Mama Bo-ra?"

"Vaa kwanza nione." Bok-rye akavaa. Kilimkaa vizuri. Mal-sun akamwekea kola sawa, akamtazama usoni. "Basi hiki ni chako, na kile ni changu. Sawa?"

Bok-rye alikumbuka beseni lake kubwa la kuoshea kabichi, ambalo jirani aliazima msimu uliopita akalikalia. Akaona ni mabadilishano ya heshima.

"Haya," akasema.

Alikivaa kizibao kile baridi nzima. Alikivaa akimenya gam, akipika, akiinama kila asubuhi mbele ya bakuli la maji safi kumwombea mwanawe. Aprili mtihani ukafanyika. Mwishoni mwa Mei matokeo yakatoka, na kabla Tae-gon hajapiga simu, bango la kitambaa lilikuwa limeshatundikwa kati ya nguzo mbili za umeme pale barabara inapoingia kijijini, herufi nyekundu kubwa kama mabakuli: HONGERA BO-RA, BINTI WA MAL-SUN, KWA KUPITA MTIHANI WA UTUMISHI WA SERIKALI. Hakuna njia nyingine ya kwenda dukani. Bok-rye alipita chini ya bango lile akiwa ameinamisha kichwa, kama mumewe na kofia yake.

Simu ya Tae-gon ilikuja jioni. "Nimekosa alama mbili," alisema, akakata.

Kutokwenda kwenye sherehe ya jirani kungekuwa kujivua nguo hadharani, kwa hiyo Bok-rye alikwenda. Palikuwa na nyama ya nguruwe, na palikuwa na pombe ya mchele iliyomwagika kama maji. Alikaa, akatabasamu hadi mashavu yakamuuma. Mal-sun alikuja kumjazia bakuli, uso umewiva kwa kinywaji.

"Usinune, Mama Tae-gon."

"Nani amenuna?"

"Unanuna kwa macho. Usione nimekudhulumu. Mimi nilinunua kwa haki."

"Ulinunua nini?"

Mal-sun alikishika kizibao cha zambarau pale begani, akakivuta kidogo. "Si umekivaa? Nilikwambia, hiki ni chako, na kile ni changu. Nikakuuliza sawa. Ukasema haya."

Bok-rye aliweka bakuli chini. "Lile lilikuwa beseni."

"Beseni lipi?"

"La kabichi. Ulisema kile, mimi nikajua beseni."

"Beseni si lile pale kisimani, lichukue hata leo." Mal-sun alicheka, si kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. "Nani atatoa kizibao kipya kwa beseni lenye ufa?"

Wakampelekea shauri Bibi Maeng, aliyekuwa ameketi karibu na nyama.

"Ulipokea?" Bibi aliuliza.

"Nilipokea, lakini sikujua."

"Ulisema haya?"

"Nilisema."

"Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Bibi, nilidhani ni beseni."

"Basi umeuza," alisema Bibi Maeng, akachukua kipande kingine. "Umeuza bei ya kutupa, lakini umeuza."

Bok-rye alikivua kizibao, akakiweka sakafuni mbele ya Mal-sun. Mal-sun akakitazama, akakisukuma kwa mguu taratibu kumrudishia. "Cha nini kwangu sasa? Mtoto keshapita."

Asubuhi iliyofuata Bok-rye alipanda basi la Seoul. Alikwenda kumwomba mwanawe radhi kwa kuuza bahati yake. Njia nzima alikariri maneno, na njia nzima alimlaani Mal-sun, na beseni, na mdomo wake wa haya-haya. Hasira ile ilimsaidia, kwa sababu ilijaza nafasi yote na mawazo mengine hayakupata pa kukaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda Noryangjin. Tae-gon ndiye aliyekuja nyumbani kila sikukuu. Kila mama yake alipotaka kumtembelea, alisema usije, Mama, huku hakuna nafasi, naye akachukulia ni adabu ya mtoto asiyetaka kumchosha mzazi.

Lilikuwa jengo la ghorofa tano juu ya duka la vitabu vya mitihani. Ghorofa ya nne ilikuwa ujia mmoja mrefu wenye milango ishirini kila upande, imekaribiana hata mpini wa huu nusura uguse wa ule. Mlinzi wa pale mlangoni alimwambia avue viatu na asiongee kwa sauti. Bok-rye alitembea kwa soksi, viatu mkononi, akisoma namba. Chumba cha thelathini na moja kilikuwa wazi nusu, kwa joto.

Aliusukuma mlango.

Kitanda kilikuwa ubao uliopachikwa kati ya ukuta na ukuta, na upande wa miguu uliingia chini ya meza. Hakukuwa na dirisha. Tae-gon alilala chali, mikono imenyooka ubavuni, mabega yamebanwa na mbao huku na huku. Hakuwa amelala usingizi. Macho yalikuwa wazi, yanatazama dari.

Bok-rye alisimama kando, pale pale aliposimama Novemba. Hakuhitaji Bibi Maeng wa kumfasiria. Hapakuwa na gwan, hapakuwa na neno la kugeuzageuza wala mlango wa kuuliza jeneza linapita vipi. Alikuwa ameonyeshwa mwanawe kama alivyo, alivyokuwa kwa miaka sita, waziwazi kama picha ya kitambulisho, naye akaipeleka picha ile bandani ikachekewe. Aliketi ujiani, kwa sababu ndani pasingetosha watu wawili.

"Mama?" Tae-gon alijiinua, akainamisha kichwa asigonge rafu. "Umekuja na nani? Kuna nini?"

"Twende nyumbani."

"Punguza sauti, watu wanasoma."

"Twende nyumbani," alinong'ona. "Nitamwomba Seok-ju mwenyewe. Nitampigia magoti."

"Seok-ju alipata mtu tangu Februari." Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya mchele. "Ndicho ulichokuja kusema?"

Basi akamwambia. Kizibao, beseni, haya aliyoisema, hukumu ya Bibi Maeng. Alingoja mwanawe akasirike. Alitamani akasirike. Badala yake Tae-gon alimsogelea hadi ukingo wa ubao, na uso wake, uliokuwa mfu, ukaanza kupata rangi.

"Kumbe iliuzwa," alisema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Siyo mimi niliyeshindwa, basi. Nilikosa alama mbili tu, Mama, mbili, na ndoto haikuwa yangu. Ningekuwa nayo je?" Alicheka kidogo, kicheko ambacho Bok-rye hakukisikia tangu akiwa shuleni. "Mimi nilifikiri Bibi Maeng anaropoka. Kumbe ni kweli inafanya kazi."

"Haifanyi kazi. Tae-gon, nisikilize. Jeneza halikuwa linaingia."

"Lilikuwa linatoka?"

"Halikuingia, halikutoka. Lilikaa tu. Nawe ndani, hivi hivi ulivyo. Niliulizwa nikasema linaingia kwa sababu nilitaka liingie. Nilidanganya."

Tae-gon alimtazama mama yake kwa huruma, kama unavyomtazama mzee aliyesahau jina la mjukuu.

"Hapana, Mama. Ungekuwa umedanganya, Bo-ra asingepita."

Bok-rye alitafuta jibu kila alipojua pa kulitafuta, na kila alipofika alimkuta Bo-ra na bango lake. Kutoka nyuma ya ukuta mtu aligonga mara mbili, kuwaomba wanyamaze.

"Rudi nyumbani upumzike," Tae-gon alinong'ona. "Nimeshalipia chumba hadi mtihani ujao. Na ukiota tena, usimwambie mtu hata mmoja. Wala usipokee kitu cha mtu. Nipigie mimi, asubuhi hiyo hiyo."

Akajinyoosha chali, akaingiza miguu chini ya meza, akarudisha mikono ubavuni.